Klachi ya Mtani Wangu Donati

Mliosoma juma lililopita mnajua nilipowaacha. Nilikuwa Mikumi, msibani kwa Donati, nimevaa kofia ya marehemu na kutembea nikichechemea kama alivyokuwa akichechemea yeye, na waombolezaji wanacheka huku machozi yanawatoka.

Ambaye hakusoma asihangaike. Mimi ni Cleopa, fundi wa magari wa Kilosa, Msagara wa milimani. Donati alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa kota za reli, fundi mwenzangu kwa miaka tisa na mtani wangu. Lori lilimkuta amelala chini ya gari la watu kando ya barabara kuu, akafa pale pale. Mtani ndiye mwenye msiba kwa upande wa kicheko, kwa hiyo kazi ile ilikuwa yangu.

Na shida yangu mnaijua. Mke wangu Yunis alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza tuliwazika, wote kwa sababu moja. Uchungu ulimshika mlimani kwao, juu ya Malolo, na hapakuwa na chombo cha kumshusha. Wa pili alifia njiani, mama yake akiwa amebebwa kwenye machela, tukiwa tumebakiza nusu saa kufika barabarani.

Niliapa kwamba wa tatu atashuka kwa gari.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1974, mwaka wa kuhamia vijijini. Yunis na mama yake walishushwa bondeni, wakapewa kiwanja na miti ya kujengea, mvua ikawakuta hawajaezeka. Mama mkwe akamchukua mwanawe akarudi naye juu, kwenye nyumba yenye paa. Nilipomtumia ujumbe amlete Kilosa, alijibu kwamba mwanamke aliyezika mara mbili hazungushwi na mabasi.

Gari pekee lililoweza kupanda kule lilikuwa Landrova ya kijiji, ya dizeli. Nayo ilikuwa imelala bandani kwangu Kilosa, klachi imeungua kama mkate uliosahauliwa.

"Itengeneze, Cleopa," aliniambia mwenyekiti wa kijiji, mzee Mathayo. "Siku ya mkeo ikifika, gari ni lako. Mimi nitatembea kwa miguu."

Basi hapo ndipo tulipo. Leo nawaeleza dhambi yenyewe, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Landrova ile ilikuwa inaunguza klachi kila baada ya miezi miwili, na sababu niliijua. Shafti ya kuzungusha magurudumu ya mbele ilikwisha zamani, tukaitoa, vipuri hakuna. Kazi yote ya kupanda milima ilibaki kwa magurudumu ya nyuma. Weka magunia kumi ya mahindi na watu saba juu yake, halafu pandisha. Klachi ya kawaida itateleza, itatoa moshi, itakufa.

Klachi mpya ya aina ile ile ningeweza kuagiza Morogoro. Nilikwenda, nikaandikwa kwenye orodha, nikaambiwa nirudi Machi. Mtoto wangu asingengoja Machi.

Ningeweza pia kuivua pleti ya zamani na kuipiga lining nyingine, ile ngozi yake ya kushika, kwa rebiti. Nimezifanya nyingi za namna hiyo. Hupanda mlima mmoja, labda miwili, wa tatu zinakuacha katikati.

Na ilikuwepo ya Donati.

Miezi sita kabla ya kufa, dereva mmoja wa malori ya Zambia alimwachia Donati klachi nzito, ya magari ya kuvuta mizigo. Ilikuwa pana kuliko ya kawaida kwa nusu inchi, na springi zake nene kama kidole gumba. Alinionyesha nyumbani kwake Mikumi, ameitoa uvunguni, imefungwa kwa gunia lenye grisi.

"Mtumwa wangu, bonyeza hapa," akasema. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaitana, kila mtu mtumwa wa mwenzake.

Nikabonyeza springi kwa dole gumba. Haikubonyea.

"Hii haitelezi," nikasema.

"Ndiyo ubaya wake."

"Ubaya gani? Fundi anayelalamikia klachi isiyoteleza ni Mnyamwezi peke yake."

Donati hakucheka. Akaigonga kwa pete yake ya ndoa, mara tatu, akainamisha sikio. Hakuwahi kufunga chuma chochote bila kukigonga kwanza asikie kama kina ufa.

"Klachi ya kawaida ina huruma," akasema. "Mzigo ukizidi inateleza, inanuka, inakuambia simama. Hii haitakuambia kitu. Itachukua nguvu zote za injini itupe nyuma. Na nyuma ya Landrova kuna nini? Vijiti viwili vya ekseli. Kimoja kikikatika, wewe huna gari."

"Nitavuta breki ya mkono."

"Breki ya mkono ya Landrova inashika wapi, Msagara?"

Kila fundi anajua. Haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka gia boksi. Ekseli ikikatika, hata uivute mpaka ing'oke, gari linakwenda zake.

"Kwa nini unaitunza, basi?"

"Natafuta ekseli nzito za kwenda nayo. Vikikutana nitamfungia mtu. Visipokutana, itakaa uvunguni mpaka nizeeke."

Kwa hiyo nilijua. Mtu asije akaniombea radhi kwamba sikujua. Niliambiwa kwa Kiswahili, mchana, na mtu asiye na sababu ya kunidanganya.

Sasa turudi msibani.

Siku ya kuanua matanga, mtani ana ruhusa. Anaweza kuingia ndani akachukua kitu cha marehemu, akakitoa nje mbele za watu akisema hiki nimekirithi mimi. Watu wanacheka. Wafiwa wanakuja na chochote, kuku au hata kibaba cha unga, wanakikomboa, na mtani anarudisha. Hakuna anayekasirika. Mtani wa kweli huchukua kitu kisicho na maana, kiatu kilichotoboka au kibuyu, ili kicheko kiwe chepesi.

Mimi niliingia uvunguni.

Nilitoka na gunia lenye grisi begani, nikapaza sauti, "Huyu mtumwa wangu alikuwa ananificha mali yangu! Leo nimeipata!" Watu wakacheka sana. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba sifanyi utani.

Odilia, mjane wa Donati, alikuwa amekaa mkekani. Aliliona lile gunia, akainuka nusu. Wanawake wakamkalisha wakidhani uchungu wa mume umemrudia.

Nilipanda basi la Kilosa mchana ule ule.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, Odilia akaingia bandani kwangu. Ameshuka basi la kwanza kutoka Mikumi, kanga nyeusi mpaka kichwani, kwapani ana kuku jike mwekundu.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Pole na safari."

"Nimekuja kukomboa," akasema, akanyoosha yule kuku kwa mikono miwili.

Wasomaji, Odilia ni mkunga. Mikono ile imepokea nusu ya watoto wa Mikumi. Nikaitazama, nikamtazama kuku, na nikasema maneno ambayo mtani hasemi.

"Haikomboleki."

Hakuelewa. Akadhani naendeleza utani. "Basi kuku hakutoshi? Nitaongeza na mchele."

"Shemeji, sitaki kuku wala mchele. Naihitaji klachi. Yunis anakaribia."

Uso wake ukabadilika taratibu. "Cleopa. Marehemu alisema ile isifungwe. Aliniambia mimi, siku aliyoileta. Alisema hata akija nani, isitoke bila ekseli."

"Nitaiendesha mwenyewe. Nitaipandisha polepole."

"Mtani hakatai kombozi."

"Huyu anakataa."

Odilia akainama, akamfunga kuku kwa kamba kwenye mguu wa meza yangu ya kazi, akaenda stendi bila kuaga.

Mkiwa watu wa kwetu mmeshaelewa alichonifanyia. Kombozi lilikuwa limetolewa na limefika. Tangu dakika ile klachi haikuwa ya utani tena. Ilikuwa ya wizi.

Kuku yule sikuweza kumchinja na sikuweza kumfukuza. Nilimkata kamba aende zake. Akabaki, akaenda kukaa chini ya Landrova, na kila nilipolala chini yake na spana alikuwa ananitazama kwa jicho moja.

Nilifanya kazi kwa siku tatu, mchana mtupu, milango ya banda wazi. Nasema hivi kwa sababu wapo watakaosema niliyaona haya usiku, nimechoka au nimelewa.

Gia boksi ya Landrova inatolewa kwa juu. Unang'oa viti, unang'oa sakafu, unasimamisha miti mitatu na mnyororo. Wapakuzi wawili wa stesheni walinisaidia kuinyanyua, nikawapa chai, wakaenda. Klachi ya zamani ilitoka nyeusi, lining imeisha mpaka kwenye vichwa vya rebiti.

Matundu ya klachi ya Donati hayakulingana na flaiwili yangu, lile gurudumu zito la injini. Nikaibeba begani kwa fundi mwenye mashine ya kutoboa, akanitobolea matundu mapya sita. Nilirudi nayo, nikaifunga, nikaweka pleti katikati kwa kijiti cha mninga nilichokichonga mwenyewe kwa kipimo. Nikakaza boliti moja, nikaruka ya pili, nikakaza ya kinyume chake, kama Donati alivyonifundisha. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Wizi wangu ndio uliokuwa mchafu.

Nilikuwa nimelala chini, nakaza ya mwisho, niliposikia kitu.

Ti. Ti. Ti.

Chuma kimegongwa na chuma kidogo. Mara tatu, halafu kimya, kama mtu anayetega sikio.

"Nani?" nikauliza.

Kuku akainuka akatoka nje.

Nikageuza kichwa. Niliona uchochoro, jua, na miguu ya mama mmoja anayepita na ndoo. Bandani hapakuwa na mtu. Na sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma ya gari, kwenye ekseli.

Nilibaki nimelala na spana kifuani. Fundi mwenye akili angetambaa mpaka nyuma, akafungua, akavuta vijiti vile viwili na kuvitazama. Ni kazi ya saa moja. Mimi niliogopa. Siogopi kuwaambia kwamba niliogopa kumkuta Donati amechuchumaa pale, ameinamisha sikio.

Nikakaza boliti yangu, nikatoka upande wa mbele.

Siku ya nne niliwasha. Pedeli ilikuwa nzito, mguu wa kushoto ulitetemeka kuishusha. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia. Ile Landrova iliyokuwa inaondoka kwa kuomba radhi iliruka kama imechapwa. Nikaipakia mawe, nikaipandisha kilima kimoja cha nje ya mji kwa gia ya pili. Haikuteleza. Haikunuka. Watu wa reli walisimama wakanipigia makofi.

"Umeifanya nini, Cleopa?"

"Nimeipa moyo," nikasema, na kwa muda mfupi nilifurahi.

Kila niliposimama na kukanyaga pedeli, nilisikia tena nyuma. Ti. Ti. Ti. Nikabadilisha belingi ya klachi, ingawa ilikuwa nzima. Bado nikasikia. Nikamwita jirani akae kiti cha pembeni.

"Unasikia?"

"Nasikia injini," akasema. "Na nasikia fundi anayehitaji kulala."

Jumanne, saa tatu asubuhi, utingo wa basi la Mikumi akaja mbio bandani.

"Wewe ndiye Cleopa? Kuna mtu anaitwa Onesphory, anasema ni shemeji yako. Anasema Yunis ameshikwa tangu jana jioni. Mtoto amelala vibaya. Anasema usichelewe kama mara ile."

Kama mara ile. Nilikwisha kuwasha gari kabla hajamaliza.

Kutoka Kilosa hadi Mikumi nilikwenda nikiwaza jambo moja. Gari ninalo. Lakini gari halimgeuzi mtoto tumboni. Anayeweza kumgeuza ni Odilia.

Nilimkuta uani anaanika mboga. Sikushuka na salamu ndefu.

"Shemeji, Yunis ameshikwa. Mtoto amelala mkingamo."

Aliweka ungo chini. "Tangu lini?"

"Jana jioni."

Aliingia ndani, akatoka na mkoba wake. Alipofika kwenye mlango wa gari akasimama, ameshika chuma cha kioo.

"Umeifunga?"

"Ndiyo."

"Na ekseli?"

"Zile zile."

Nilidhani atarudi ndani. Ningekuwa yeye ningerudi. Alipanda, akaweka mkoba mapajani, akafunga mlango taratibu.

"Sijapanda kwa ajili yako," akasema.

Tulikwenda kwa lami mpaka njia ya Malolo, tukaiacha lami, tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo mwekundu unang'aa. Nilitumia gia ya kwanza, niliachia pedeli kwa upole kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Kila kona nilikuwa nasikia nyuma, na kila niliposikia nilimtazama yeye.

Kona ya nne akasema, "Unanitazama nini?"

"Hakuna."

"Na mimi nasikia, Cleopa. Nilikaa na mtu yule miaka kumi na mmoja. Naijua pete yake."

Mpaka dakika ile nilikuwa na tumaini kwamba ninaugua.

"Anataka nini?" nikauliza.

"Anataka usimame."

"Nikisimama hapa sitaondoka tena. Ni mwinuko."

"Basi usimame mahali palipo tambarare, ufungue, uangalie. Dakika ngapi?"

"Saa nzima."

Odilia akafumba macho. Tulikuwa na mwanamke mwenye uchungu tangu jana. Yeye mwenyewe hakuniambia tena nisimame, na sitamsingizia kwamba aliniambia.

Kipande kinachofuata ndicho kikali. Kushoto ni ukuta wa mlima, kulia ni korongo, na maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati. Gurudumu la nyuma likaingia mferejini, likakwama. Injini ikataka kuzima. Klachi ya kawaida ingeteleza hapo. Ingenuka, ningeshuka, ningeweka mawe.

Nikakanyaga mafuta, nikaachia klachi.

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, kama mti wa muhogo mkavu ukivunjwa gotini. Injini ikalia juu bila kazi yoyote. Gari likasimama kidogo, halafu likaanza kurudi nyuma.

Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Likashika. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikalegeza mguu. Likarudi. Nikakanyaga tena.

"Shuka," nikamwambia Odilia. "Weka mawe nyuma ya magurudumu. Makubwa."

Alishuka na mkoba wake. Nilimwona kwenye kioo anabeba jiwe kwa mikono yote miwili, kanga imemvuka mabegani, anaweka, anarudi kuchukua lingine. Mjane wa siku kumi na mbili. Alipoweka la nne akanipungia mkono, nikaachia breki polepole. Gari likakaa.

Nilishuka. Tulisimama hatua mbili mbali na gari, tukalitazama.

"Juu ni mwendo gani kwa miguu?" akauliza.

"Saa moja na nusu."

Akafunga kanga kiunoni, akatwaa mkoba. Hakuwa amepiga hatua kumi tuliposikia watu.

Walikuwa wanashuka. Wanaume wanane, mbele yao Onesphory, shati limelowa, na katikati yao machela. Hawakuningoja. Walikwisha kuningoja mara mbili katika maisha yao.

Odilia aliwapokea njiani, akawaambia wamshushe, akapiga magoti. Wanaume wakageuza migongo. Nilisikia Yunis akiuliza, "Cleopa amekuja?" na Odilia akijibu, "Amekuja, mama. Na gari yupo nalo." Halafu akaingiza mkono chini ya shuka, akampima.

Aliponyanyuka alinijia mimi. Alisema kwa sauti ya chini.

"Siwezi kumgeuza. Maji yamekwisha, mkono wa mtoto umetangulia. Anatakiwa kupasuliwa hospitali. Mtoto bado anacheza, nimemsikia. Lakini hana muda mrefu, na mama yake pia."

"Kwa machela mpaka lami?"

"Hiyo ni saa nne, na njia hii ya utelezi. Hana saa nne."

Onesphory alikuwa amesogea. Aliona Landrova, akaona mawe.

"Shemeji, limeharibika?"

"Limekatika nyuma. Haliwezi kupanda."

"Nani kasema lipande?" akasema. "Sisi tunashuka. Mteremko hauhitaji injini. Tukifika lami malori yapo, tutasimamisha hata la mawe." Akawaita wenzake. "Njooni tuligeuze."

Palikuwa na mahali pana kidogo hatua chache chini yetu. Walilirudisha kwa mikono, jiwe kwa jiwe, wakaligeuza pua ikatazama bondeni, wakaweka mawe mbele ya magurudumu. Wakampandisha Yunis nyuma pamoja na machela yake. Aliniona, akatabasamu. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Safari hii umeleta gari," akasema.

Nilizunguka mbele nisimtazame. Niliitazama njia. Kona tatu zinaonekana, nyingine hazionekani, korongo sasa upande wa kushoto. Injini haiwezi kulizuia gari, kwa sababu haishiki tena magurudumu. Breki ya mkono haina kazi kwa sababu hiyo hiyo. Ilibaki breki ya mguu, ya gari la kijiji, niliyokuwa nimeikanyaga robo saa nzima kwa nguvu zangu zote. Breki za namna hiyo zikipata moto kwenye mteremko mrefu hulegea, na zikilegea hakuna la kufanya.

Odilia alikuja akasimama mbele yangu. Onesphory na wale wengine wakasimama nyuma yake.

"Cleopa," akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi kazi yangu nimeisema. Sasa sema yako wewe fundi. Huyu ni dada yao. Gari hili litamfikisha chini, au halimfikishi?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningewaambia breki imebaki moja. Ningewaambia kilichokatika ni nini, na kwa nini, na kwamba niliambiwa. Wangechagua wenyewe, dada yao, machela yao. Odilia alikuwa ananipa nafasi ile kwa makusudi. Mficha uchi hazai, na yeye ni mkunga, anaujua msemo huo kuliko mimi.

Nilitazama nyuso zile nane. Niliwaza saa nne za machela. Niliwaza pia, na hili ndilo nisilowahi kumwambia mtu mpaka leo, kwamba nikisema ukweli watajua klachi nimeipata wapi.

"Litashuka," nikasema.

"Breki ipo?" akauliza Onesphory.

"Ipo."

Odilia alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Angeweza kusema. Alijua kila kitu nilichokijua, kwa mdomo wa mtu yule yule. Hakusema. Alizunguka nyuma ya gari, akapanda, akapiga magoti pembeni ya mke wangu na kumshika mkono.

Mimi nikaingia mbele, nikaweka mguu kwenye breki.

"Toeni mawe," Odilia akasema.